Jinsi ya kupamba baraza la nje kwa mtindo wa kisasa, wa asili na wenye utulivu

Mwongozo huu unachukua mfano wa baraza la mita 3 kwa 4. Hesabu zote za kokoto, mbao na taa zinafuata ukubwa huo, kwa hiyo lako likizidi au likipungua, ongeza au punguza kwa kiwango hichohicho. Tenga siku moja ya kuangalia na kupima, kisha wikiendi mbili au tatu za kazi. Fuata mpangilio wa hatua. Ukianza na mito na taa halafu ukagundua maji yanatuama chini ya sofa, utarudi kubomoa.

Hatua ya 1: Toa kila kitu nje, kisha soma jua na maji

Ondoa viti, vyungu, mazulia na vyombo vyote mpaka sakafu ibaki tupu. Chukua chaki, uchore mstari pale kivuli kinapoishia saa 3 asubuhi, saa 6 mchana na saa 10 jioni, na uandike saa pembeni ya kila mstari. Michoro hiyo mitatu itakuonyesha pa kuweka kiti, pa kuweka mmea unaopenda jua, na upande unaohitaji kivuli.

Sasa maji. Mwaga ndoo ya lita 20 karibu na ukuta wa nyumba, usubiri dakika 10. Sakafu nzuri huinama sentimita 1.5 kwa kila mita kuelekea nje. Kupima ni rahisi: chukua ubao ulionyooka wa mita 2, ulaze kuanzia ukutani kwenda nje, na chini ya ncha ya nje uweke kipande cha mbao chenye unene wa sm 3. Weka pimamaji juu ya ubao. Povu likikaa katikati, mwinamo uko sawa. Likikimbilia upande wa nje, mwinamo hautoshi au maji yanarudi nyumbani, na hilo lirekebishwe kwanza. Zulia na mbao havitibu sakafu mbovu, vinaificha tu huku unyevu ukipanda ukutani.

Hatua ya 2: Panga kwa maboksi kabla ya kununua

Kata maboksi ya kartoni kwa ukubwa halisi wa sofa, meza na vyungu, uyatandaze sakafuni, kisha upite katikati yake ukiwa umebeba sinia. Njia kuu iwe na upana wa sm 90. Kati ya sofa na meza ndogo acha sm 40 hadi 45, yaani mkono ufike kwenye kikombe bila mtu kunyanyuka. Nyuma ya kiti cha meza ya chakula acha angalau sm 75 za kukivuta.

Katika mita 12 za mraba, chagua kazi moja: kupumzika au kula. Ukilazimisha zote mbili, utapata meza isiyotosha na sofa isiyofikika. Sisi huacha theluthi moja ya sakafu bila kitu chochote. Nafasi tupu ndiyo inayofanya jicho litulie, na ni vigumu kuirudisha ukishaijaza.

Hatua ya 3: Sakafu

Zege au vigae vilivyo imara huhitaji kusuguliwa na kuzibwa nyufa tu. Unga mweupe kama chumvi unaojitokeza kwenye zege ni madini yanayotolewa na maji yanayopita ndani yake. Usugue kwa brashi kavu, na usipake rangi mpaka ukome kurudi, kwa sababu unga huo utaisukuma rangi ibanduke.

Kama chini ni udongo, kokoto ndizo zinazokaa vizuri na mtindo huu. Chimba sm 15. Jaza sm 10 za mawe yaliyovunjwavunjwa na kushindiliwa, tandika kitambaa cha kuzuia magugu huku vipande vikipandana kwa sm 15, kisha mimina kokoto sm 5. Kwa eneo letu, 12 × 0.05 ni mita za ujazo 0.6. Ongeza asilimia 10 kwa upotevu, utahitaji karibu tani moja. Mawe ya chini ni mita za ujazo 1.2, ila agiza 1.5 kwani yakishindiliwa hupungua.

Kosa kubwa ni kuchagua mawe laini ya mviringo. Yanapendeza, lakini huteleza chini ya mguu kama gololi. Chagua kokoto zilizopasuliwa, zenye kona, za milimita 10 hadi 14, kwa kuwa kona hushikana. Usizidishe sm 5, la sivyo mguu utazama na viti vitayumba. Viti vyenye miguu myembamba viweke juu ya mawe bapa, au nunua vyenye fremu inayolala chini. Na kama ukuta una utando wa kuzuia unyevu, uso wa sakafu uwe sm 15 chini yake.

Hatua ya 4: Rangi na malighafi

Malighafi tatu zinatosha: mbao, jiwe au udongo wa kuchomwa, na kitambaa. Rangi zitoke humohumo: mchanga, kahawia ya mbao, kijivu cha mkaa kwa sehemu ndogo. Kijani itatoka kwa mimea. Beba sampuli zako hadi barazani saa 6 mchana, uzitazame zikiwa kavu, kisha uzilowanishe. Nyeupe kabisa huumiza macho juani, krimu haiumizi. Chuma cheusi kinachopigwa na jua la mchana huchoma mkono, kwa hiyo kiwe kwenye miguu na fremu, kisiwe mahali pa kushika au kukalia.

Hatua ya 5: Kivuli na mbao zake

Paa la fito hupunguza jua bila kuziba hewa. Tumia fito za sm 2.5 kwa 5 zilizosimamishwa kwa ukingo, zikiachana sm 5. Kina cha ufito kikilingana na mwanya, jua lolote linalokuja kutoka ubavuni likiwa chini ya nyuzi 45 huzuiwa. Ndiyo maana mwelekeo ni muhimu: fito zikilala kaskazini hadi kusini, zinakata jua la asubuhi na la jioni linalotoka mashariki na magharibi. Jua la utosini litapenya, likiacha mistari ya kivuli sakafuni. Kama mtaketi hapo mchana, ongeza turubai la kivuli au mmea unaotambaa.

Kwa upana wa mita 3 utahitaji fito 40 za mita 4, zibebwe na boriti 4 ili zisipinde. Nguzo zisizikwe kwenye udongo wala kusimama moja kwa moja kwenye zege. Ziweke juu ya viatu vya chuma vinavyoziinua sm 2 hadi 3, kwa sababu ncha ya ubao hunyonya maji kama utambi na kuoza kutokea ndani. Mahali penye upepo mkali, au paa likifungwa kwenye ukuta wa nyumba, fundi aangalie viungo kabla ya kazi kuendelea.

Tumia skrubu za stenlesi. Mbao ngumu nyingi zina tanini, kemikali ya asili ya mti, na tanini ikikutana na chuma cha kawaida na maji, hutoa madoa meusi yanayoteremka kama wino. Toboa kwanza: kwa skrubu ya milimita 5 kwenye mbao ngumu, biti ya milimita 3.5 inafaa, la sivyo ncha za fito zitapasuka.

Piga msasa namba 80, kisha 120, uishie hapo. Mbao zikilainishwa kupita kiasi hazinyonyi mafuta. Paka mafuta ya mbao za nje yenye rangi kidogo, kwani rangi ndiyo inayozuia miale ya jua. Tabaka liwe jembamba, na baada ya dakika 15 hadi 20 futa yote ambayo hayajanyonywa, maana yakibaki juu hukauka nusunusu na kunasa vumbi. Vanishi tunaikwepa nje: ikipasuka mahali padogo, maji huingia chini yake na kuinua gamba zima.

Jambo moja la usalama linalosahaulika: vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani (yamo katika mafuta mengi ya mbao) hutoa joto vinapokauka, na vikirundikwa vinaweza kuwaka vyenyewe. Vitandaze kimoja kimoja nje vikauke, au uvitumbukize kwenye maji kabla ya kuvitupa.

Hatua ya 6: Viti na vitambaa

Kimo cha kiti pamoja na mto ulioshinikizwa kiwe sm 40 hadi 45. Benchi la mbao liwe na mianya ya milimita 5 au 6 kati ya ubao na ubao ili maji yapite. Kwa mito, chagua kitambaa cha akriliki kilichotiwa rangi kwenye uzi wenyewe, kwa sababu rangi iliyopakwa juu tu hupauka haraka. Ndani iwe sponji yenye matundu makubwa inayokausha upesi, na zipu iwe upande wa chini. Mvua ikinyesha, simamisha mto kwa ubavu, zipu ikielekea chini.

Zulia la plastiki juu ya sakafu ya mbao liinuliwe kila baada ya mvua. Unyevu ulionaswa chini yake huozesha mbao bila mtu kuona.

Hatua ya 7: Mimea na vyungu

Vyungu vitatu vikubwa hushinda vidogo tisa. Kidogo hukauka kwa siku moja ya jua, na vikiwa vingi huonekana kama bidhaa zilizopangwa dukani. Chukua cha kipenyo cha sm 50, cha 40 na cha 30, viwe vya aina moja, vikae karibukaribu kwenye kona moja.

Kila chungu kiwe na matundu angalau matatu ya sm 1.5. Yafunike kwa kipande cha wavu, basi. Usiweke kokoto chini ya udongo, ingawa wengi hufundishwa hivyo. Maji hayashuki kirahisi kutoka kwenye udongo wenye chembe ndogo kwenda kwenye nafasi kubwa za kokoto. Hubaki yamening'inia juu yake, na mizizi iliyo hapo hukosa hewa na kuoza. Kokoto huipandisha tu sehemu yenye maji karibu na mizizi.

Chungu cha sm 50 kwa kipenyo na kina hubeba karibu lita 100, sawa na ndoo 5 za lita 20: mbili za udongo tifutifu, mbili za mboji iliyoiva, moja ya mchanga wenye chembe kubwa. Kikishamwagiliwa huzidi kilo 100, hivyo kiweke mahali pake kabla ya kukijaza, na kama baraza liko ghorofani, hakikisha kwanza sakafu inabeba uzito huo. Acha sm 4 chini ya mdomo ili maji yasimwagike, na ukiinue kwa vipande vya sm 2 ili matundu yapumue.

Katika chungu kikubwa panda mmea wenye majani mapana. Cha pili mchaichai, unaocheza kwa upepo na kunukia ukiguswa. Cha tatu sansevieria, inayovumilia kusahauliwa. Mianzi inayotambaa iepuke, kwani mizizi yake hupasua chungu. Mwagilia kwa kupima: chovya kidole sm 5, na ukigusa unyevu, subiri.

Hatua ya 8: Taa

Balbu moja kali katikati ya dari huharibu kazi yote. Nyuso zinakuwa bapa na giza la nje linazidi kuwa jeusi. Weka taa nne hafifu: moja ikimulika meza kutoka juu, mbili chini nyuma ya vyungu, moja ikipaka mwanga ukutani. Kila moja iwe na lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 100 hadi 300, rangi ya kelvini 2700, yaani mwanga wa umanjano. Ukiketi, usiione balbu yenyewe kutoka kiti chochote.

Mfumo wa volti 12 ndio salama zaidi kwa mtu wa kawaida. Taa 4 za wati 5 ni wati 20, kwa hiyo transfoma ya wati 30 inatosha, ikae pakavu. Taa zilizo chini ya paa linalozuia mvua ziwe za IP44 (IP ni alama ya kinga dhidi ya vumbi na maji), zinazopigwa na mvua ziwe IP65. Nyaya za umeme wa ukutani zifungwe na fundi umeme, na ziwe na swichi ya kinga inayokata umeme unaovuja wa miliampea 30.

Matunzo

Fagia kila wiki, maana majani yaliyolowa hutia madoa. Mbao zisafishwe kwa brashi laini na maji ya sabuni kufuata nyuzi zake. Mashine ya maji ya presha huchana nyuzi na kuacha uso wenye manyoya. Kila miezi michache dondoshea maji kidogo juu ya benchi. Yakisimama kama shanga, mafuta bado yapo. Yakinyonywa na ubao ukageuka mweusi ndani ya dakika moja, ukaushe siku mbili, piga msasa namba 120, upake tena.