Pima Kopo, Usipime Mkono

Bibi yangu alifariki mwaka 2009, na kwa miaka minane mkate wake wa sinia haukuonekana tena nyumbani kwetu. Mchele tulikuwa nao, nazi zilikuwepo, na sinia lake la bati lenye kina liko hadi leo jikoni kwetu Langoni, Lamu, juu kabisa karibu na dari, pale moshi unapotoka bila kupita vyumbani. Lakini kila nilipoupika ulitoka mzito chini na mkavu juu, bila vile vitundu vyake. Alipokuwa hai nilimwuliza mara nyingi. Jibu lake halikubadilika: "Mtele kiasi, tui kiasi, sukari ya kukutosha." Nami nikaandika vivyo hivyo daftarini nikidhani nimepata mapishi.

Niliupata tena kwa shangazi yangu, ambaye Ramadhani zote alikuwa msaidizi wa bibi. Nilikaa naye jikoni alasiri nne, na mizani ndogo mbele yangu. Naandika hapa nilivyofanya, kwa kuwa najua wengi wenu mna mama, bibi au shangazi anayepika vitu ambavyo watoto walioko Nairobi na Uarabuni wanavililia, na hakuna aliyeviandika.

Anza na chakula kimoja. Ukimwendea mzee ukamwambia unataka mapishi yake yote, atachoka kabla hujafungua daftari. Chagua kile kinachotajwa kila simu inapopigwa. Halafu subiri siku anayokipika mwenyewe kwa watu wake wa kila siku. Mimi siku ya kwanza nilimwomba shangazi "anionyeshe", akapika kama anayengojea wageni: mayai matatu mazima, zabibu, na arki kidogo ya kunukisha, vitu ambavyo bibi hakuwahi kuvitia. Siku ya pili nilimkuta keshaanza kupika futari ya nyumbani, jasho linamtoka, hana habari nami. Mkate niliouona siku ile ndio niliokuwa nikiutafuta.

Sasa kuhusu kupima. Ukimzuia mzee kila anapotia kitu, ukamwambia "ngoja kwanza nipime", mkono wake unapotea. Ataanza kufikiri, na akifikiri anakosea. Kwa hivyo usiuguse mkono wake. Pima kopo. Kabla hajaanza, weka kopo la sukari juu ya mizani uandike uzito wake. Fanya hivyo kwa kopo la hamira, mfuko wa mchele, chupa ya mafuta, bakuli la chumvi. Mwache apike. Akimaliza, pima tena, toa. Kopo la sukari la shangazi lilikuwa gramu 812. Baada ya mkate likawa 640. Basi "sukari ya kukutosha" ni gramu 172. Siku ya pili ilikuwa 165, ya tatu 180. Nikaandika 170, na pembeni nikaandika kwamba nazi ikiwa tamu yeye hupunguza.

Vyombo navyo vipimwe. Shangazi husema "kibaba" akimaanisha kopo moja la maziwa ya unga lililokatwa mdomo, wala si kibaba cha zamani ambacho vinne vyake hufanya pishi. Lijaze kopo kama hilo maji, pima maji yale: gramu moja ya maji ni mililita moja, kwa hivyo mizani ikisoma 480 umejua kopo ni mililita 480. Fanya hivyo kwa upawa, kwa kikombe chenye ufa, kwa kila chombo anachokipenda. Siku kikivunjika, na kitavunjika, kipimo kitakuwa kimebaki kwako.

Viko vipimo vya mwili pia, na hivi vinahitaji adabu kidogo kuviomba. Konzi ya mtu mmoja si konzi ya mwingine. Ukufi, ule unaojaa kiganja kilichofunguliwa, unatofautiana zaidi. Mwombe akuchotee chumvi konzi moja aimimine kwenye kisahani, uipime. Maji ya wali wa nazi nyumbani kwetu ni "pingili moja juu ya mchele". Mimi vidole vyangu ni virefu kama vya baba, na miaka yote hiyo wali wangu ulikuwa bokoboko. Nilipoweka rula kwenye kidole cha shangazi, pingili yake ilikuwa sentimita mbili na nusu. Yangu ni tatu na kitu. Sikujua kama nicheke au nilie.

Nazi ndiyo itakayokusumbua kuliko vyote. Mapishi yanayosema "nazi mbili" hayajasema kitu. Nazi kubwa iliyokauka vizuri haitoi sawa na ndogo, wala koroma haitoi sawa na nazi kavu. Andika vitu vitatu: nazi ilikuwa ya namna gani, alitia maji kiasi gani alipokamua mara ya kwanza na kama yalikuwa ya moto au vuguvugu, na lilitoka tui kiasi gani. Tui zito na tui jepesi uyapime mbalimbali, kwa sababu kazi zao ni mbalimbali. Aliyeko mbali, anayetumia tui la kopo kutoka dukani, akiona "mililita 300 za tui zito" atajua la kufanya.

Mwandikie kwa maneno yake mwenyewe. Bibi alisema mtele, mtuzi, mai, munyu. Daftari langu la kwanza nilimsahihisha: mchele, mchuzi, maji, chumvi. Nilikuwa nimemaliza shule, nikadhani ndiyo heshima. Nikisoma daftari lile leo simsikii. Daftari la shangazi limeandikwa "tia munyu kisha ndoo uone", yaani njoo uone, na mpwa wangu aliyezaliwa Nairobi akisoma hapo husema ni kama shangazi amesimama nyuma yake. Ukihofia wasomaji wengine hawataelewa, weka maana chini ya ukurasa.

Andika pia dalili. Mzee hapiki kwa saa. Anasikiliza, ananusa, anatazama. Mwulize kila anapoinua mfuniko: umejuaje? Kwa samaki wa kupaka shangazi alijibu kwamba tui linapoanza kupanda ukingoni haachi mwiko mpaka lichemke, kwani ukiliacha linakatika, mafuta yanakwenda kwake na maji kwake. Ukwaju hutiwa mwisho, moto ukiwa mdogo. Hilo neno "linakatika" limewaokoa watu watatu katika ukoo wetu.

Na hapa nafika kwenye jambo lililonichukua miaka minane. Mzee haachi hatua kwa choyo. Anaacha zile ambazo kwake si hatua. Siku ya tatu nilikuwa nimeweka kalamu chini, nikimtazama tu. Shangazi aliweka sinia tupu juu ya jiko la makaa, akatia samli, akaliacha. Akaenda kukunja nguo. Akarudi samli ikiwa inanong'ona, akatikisa sinia mpaka ikapanda pembeni, ndipo akamimina. Unga uliposhuka ulilia "shhh" na pembe zake zikashika papo hapo, na ndani ya dakika moja vitundu vikaanza kutoboka juu, kimoja kimoja, kama kaa wanavyotoboa mchanga maji yakitoka. Nikamwambia, "Shangazi, mbona hukuniambia sinia linatiwa moto kwanza?" Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Mwanangu, kwani wewe wamimina kwenye baridi?"

Kwa hivyo chagua siku moja usiulize chochote. Andika kila mikono inachofanya mdomo ukiwa umenyamaza.

Mkate wenyewe ni huu. Roweka mchele gramu 400 usiku kucha, si ule wa kunukia wa bei ghali, wa kawaida unatosha. Asubuhi uchuje, usage kwenye blenda pamoja na tui zito mililita 300 lililo vuguvugu. Tui la moto litaua hamira. Saga mpaka ukisugua kati ya vidole usisikie chembe. Bibi alitwanga kwenye kinu na kuchunga, nasi tumepumzika. Tia sukari gramu 170, hamira kijiko kimoja cha chai kisichofurika, na iliki punje nane zilizotwangwa. Funika. Kwa joto letu la Lamu, saa moja hutosha kuumuka hadi maradufu. Kisha tia ute wa yai moja, koroga taratibu, na uache dakika kumi bila kugusa tena. Ukikoroga wakati wa kumimina umevitoa vitundu vyote. Sinia liwe na samli ya moto kama nilivyosema. Mimina, weka kwenye makaa machache, na pembe zikishika funika na upalie makaa juu ya mfuniko. Anza kunusa baada ya robo saa. Ukipata harufu ya sukari inayoanza kuungua, na juu pamekuwa rangi ya hudhurungi, epua.

Wenye ovena wauoke kwa nyuzi 180, kama dakika 35, sinia likiwa limepashwa moto vilevile. Andika njia zote mbili, ya makaa na ya ovena au gesi, kwani wajukuu wengi hawatakuwa na jiko la makaa. Na umfikirie atakapopikia. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari na ina baridi. Unga unaoumuka kwa saa moja hapa huchukua saa mbili kule au zaidi. Binti wa ami yangu alilalamika kwamba mbaazi za nyumbani haziivi kwake, akadhani nimemficha kitu. Sababu ni kwamba kule maji huchemka kwenye nyuzi kama 94, si 100 kama huku pwani. Nikaongeza mstari: Nairobi, roweka usiku kucha na uongeze nusu saa jikoni, au utumie sufuria ya presha.

Kumbukumbu uiandike papo hapo chini ya mapishi, isikae ukurasa wake. Nani alimfundisha, chakula kililiwa lini, nani alikuwa hakili. Chini ya mkate nimeandika kwamba bibi alimega kipande cha pembeni akampa mtoto aliyefunga siku yake ya kwanza. Chini ya ng'onda (samaki mkavu) wa nazi nimeandika kwamba ni chakula cha kusi, bahari ikichafuka na samaki wabichi wakiwa adimu. Bila mistari hiyo mtu atapika ng'onda wakati wa kaskazi, samaki wa changu wakiwa wamejaa sokoni, ashangae tulikuwa tukiwapendea nini.

Kabla ya kutuma kwa yeyote, omba ruhusa. Mapishi mengine ni rizki ya mtu. Katika ukoo wetu yupo mama anayesomesha watoto kwa achari ya ndimu. Ameniachia niiandike, nami nimeahidi haitatoka nje ya daftari maadamu anauza. Usimbembeleze mtu wa namna hiyo.

Andika kwa penseli. Mvuke na mafuta ya jikoni hufuta wino, penseli hubaki. Sauti urekodi kwa simu, lakini usiamini simu peke yake: mimi nilikuwa na rekodi za alasiri mbili za kwanza, na simu ikanitoka mkononi nikishuka botini gatini Mokowe. Mpaka leo najuta zaidi kile kicheko cha shangazi kuliko vipimo, maana vipimo vilikuwa daftarini. Sasa kila rekodi huituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo siku hiyohiyo, na mapishi yana nakala Mombasa na Nairobi.

Mwisho, mpikie aliyekufundisha, kwa daftari lako tu, yeye akiwa nje ya jiko. Nilimpelekea shangazi sinia zima siku ya Idi. Alikata kipande, akakigeuza kutazama chini, akakibonyeza kwa kidole, akala kimya. Kisha akasema iliki nimeitwanga na maganda, yeye hutoa maganda kwanza, na kwamba nimeutoa motoni mapema kidogo, kama muda wa kuvuta uradi mmoja. Nikamwuliza ni uradi gani ili niuhesabu. Akanitajia. Nikashika penseli.