Apu ya mkopo imepigia watu wako simu, ama picha yako iko kwa tangazo bila ruhusa? Fanya hivi

Hapa Kenya watu wengi bado wanadhani ukifanyiwa hivi unavumilia tu na maisha yaendelee. Hapana. Tuko na Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, iko na ofisi yake, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ile wengi wanaita ODPC, na kupeleka malalamiko huko hakuhitaji wakili. Kinachoangusha watu ni vitu viwili, ushahidi wa kubahatisha na kupeleka jambo mahali si pake.

Kwanza jua jambo lako ni la sheria gani. Kama ni kampuni, shule, hospitali, klabu, landilodi, yeyote aliyechukua habari zako akazitumia vile hamkukubaliana, namba ya simu, picha, kitambulisho, rekodi za matibabu, hiyo ni data na unaenda ODPC. Lakini kama mtu ameingia kwa akaunti yako, ama anatishia kusambaza picha zako za faragha, ama anakuandama na vitisho kila siku, hiyo ni jinai chini ya ile Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018, kwa hivyo enda kituo cha polisi, hakikisha umepewa namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, na uombe ifikishwe kwa DCI, idara ya upelelezi wa jinai. Kuingia kwa mfumo bila ruhusa ni faini hadi shilingi milioni 5 ama miaka 3 jela ama zote mbili, na unyanyasaji wa mtandaoni unafika milioni 20 ama miaka 10. Kuna mambo yanaangukia sheria zote mbili na hapo unaenda kote kuwili. Mambo ya nyumbani kabisa nayo hayako kwa sheria ya data, shangazi akiweka picha yako ya harusi kwa grupu ya familia, hiyo ongea naye tu.

Sasa ushahidi, na hapa tafadhali usiharakishe. Ukishapata hiyo meseji usiifute na usiitoe hiyo apu kwa simu kwanza. Piga skrinishoti ikionyesha namba, tarehe, saa na meseji nzima, usiikate kubakisha sehemu inayokuuma pekee. Kama ni posti, chukua na linki yake na jina la akaunti, manake wakisikia umelalamika wanafuta dakika hiyo hiyo. Ingia kwa setingi za simu upige picha ya ruhusa ambazo hiyo apu imepewa, kama imeruhusiwa kusoma majina ya simu yako hapo ndipo itaonekana. Halafu wale waliopigiwa, bosi wako, mama mkwe, rafiki wa kanisani, waombe wachukue skrinishoti wenyewe kwa simu zao na waandike kwa ufupi walipigiwa lini na waliambiwa nini. Ushahidi wa mtu aliyepigiwa una nguvu kuliko wewe kusema nilisikia walipigiwa. Na andika mahali simu gani ilitumika na nani alipiga hizo picha, kwa sababu jambo likifika kortini Sheria ya Ushahidi kifungu cha 106B inataka cheti cha kueleza vile huo ushahidi wa kielektroniki ulitolewa, na baada ya mwaka mmoja hutakumbuka.

Ukishamaliza, andikia hiyo kampuni. Usipige simu, andika imeili, ndio kuwe na rekodi. Weka tu hivi: “Mimi ni fulani, mnatumia namba yangu na picha yangu. Nataka kujua ni data gani yangu mko nayo, mliitoa wapi na mmempa nani. Sikubali muendelee kuitumia na naomba muifute.” Basi. Kanuni za 2021 za hiyo sheria ya data zinawapa siku 7 kukuonyesha data yako, na siku 14 kujibu ombi la kufuta ama kurekebisha. Wakinyamaza, hiyo ni ushahidi pia. Na wakisema ati ulikubali, sheria inasema ni wao wathibitishe ulikubali, si wewe uthibitishe hukukubali, hii wengi hawaijui na ndio maana wanatishwa kirahisi. Hata kama ulikubali kweli, uko na haki ya kuondoa hiyo ruhusa.

Kulalamika unaingia odpc.go.ke ujaze fomu, ama upeleke barua, ama useme kwa mdomo, sheria inawataka wakuandikie. Eleza kwa mpangilio wa tarehe, matusi weka kando, na taja wazi unataka nini. Usiandike tu “wachukuliwe hatua.” Faini haiendi kwa mfuko wako, kwa hivyo kama unataka fidia iandike, na kifungu cha 65 kinahesabu hata msongo wa mawazo uliopata, si hasara ya pesa peke yake. Upande ule mwingine wanapewa siku 21 kujibu na uchunguzi unafaa kuisha ndani ya siku 90. Faini yenyewe ni hadi milioni 5 ama asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, ile iko chini. Na si maneno ya karatasi, Septemba 2023 Roma School ilipigwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuposti picha za watoto bila ruhusa ya wazazi, klabu ya Casa Vera 1,850,000 kwa picha ya mteja, na Mulla Pride, wenye apu za mikopo, 2,975,000. Usiporidhika na uamuzi, rufaa ni Mahakama Kuu.

Kwa wale wa mikopo, deni lako linabaki palepale hata ukishinda, lipa kwa mpango wako. Lakini kanuni za Benki Kuu za 2022 zinakataza wakopeshaji wa kidijitali kusumbua watu walio kwa simu yako, kwa hivyo andikia na Benki Kuu, hasa ukikuta hawana leseni.

Na nakuomba sana, usianike namba ya yule ajenti kwa Facebook watu wamtukane. Najua inauma, lakini unaweza kujikuta wewe ndiye mshtakiwa na kesi yako nzuri imeharibika.

Wakikuita mpatane, ODPC inaruhusu mapatano, kubali kuongea ukitaka, ila usitie sahihi mpaka karatasi iseme kiasi, tarehe ya kulipa, na kwamba data yako imefutwa na kila mtu waliyempa ameambiwa aifute.