Ukienda mafunzo ya hoteli, omba zamu ya usiku mapokezi

Wewe unayesomea hoteli na unakaribia kwenda mafunzo kwa vitendo, nakuomba sana: usimalize bila kufanya angalau wiki moja ya zamu ya usiku mapokezi. Wengi huikwepa kwa sababu ya usingizi, na wanakosa mengi.

Usiku ndipo hesabu za siku zinapofungwa. Mauzo ya mgahawa na baa yanalinganishwa na risiti, bei ya chumba inaingizwa kwenye bili ya kila mgeni, kisha ripoti inatolewa. Tuseme hoteli ina vyumba 100 na 72 vimeuzwa: ujazo ni asilimia 72. Gawanya mapato ya vyumba kwa 72, unapata wastani wa bei ya chumba. Yagawanye kwa 100, unapata mapato kwa kila chumba kilichopo. Darasani hizi ni kanuni za kukariri tu. Ukizikokotoa saa nane usiku kwa takwimu za kweli, hazikutoki tena kichwani.

Halafu simu huwa chache, kwa hiyo msimamizi ana nafasi ya kukujibu. Muulize kwa nini wageni wawili wamelipa bei tofauti kwa vyumba vinavyofanana. Jibu lake linaweza kujaza kurasa nzima za ripoti yako.

Andika ulichojifunza kabla hujalala, ila usinakili majina ya wageni wala namba za kadi zao. Na kabla ya kuanza, hakikisha una usafiri salama wa kwenda na kurudi.