Kabla Mwanajeshi Wenu Hajafika Mbele ya Bodi ya Madaktari

Kakangu aliporudi Lamu kwa likizo hakulala chumbani. Alitandika mkeka darini, viatu kavipanga ncha zikielekea ngazi, na boti ya kwanza ilipowasha mashine alfajiri alijitupa sakafuni. Sisi tukasema ana jini. Alisomewa, akanywa kombe, yaani maji yaliyooshea maandishi ya aya. Sina neno na kombe, lilimtuliza. Lakini halikuacha karatasi, na bodi ya madaktari ya jeshi, inayoamua kama askari mgonjwa abaki kazini au aachishwe, huamua kwa karatasi.

Ndiyo maana nasema, kuliko jambo jingine lolote: ugonjwa huu wa kiwewe uandikwe kabla makosa hayajaandikwa. Asiyelala huchelewa paredi, huwajibu wakubwa vibaya, huzidisha likizo. Kutoroka kazini ni kosa chini ya Sheria ya Majeshi ya Ulinzi ya mwaka 2012, na faili likishajaa mashtaka, aliyestahili kuachishwa kwa sababu za kiafya anaweza kufukuzwa kwa utovu wa nidhamu, mafao yakaingia mashakani. Amweleze daktari wa kambi yote, hata yanayomtia haya. Akizidiwa likizoni, mpelekeni hospitali ya kaunti siku hiyo hiyo, mdai maandishi yenye tarehe, na kambini wajulishwe kabla likizo haijaisha.

Nyumbani wekeni daftari. Mkewe ndiye ashike kalamu, maana ndiye aonaye usiku. Asiandike "ana hasira", aandike "Jumanne, saa nane usiku, kaamka akipiga kelele, kakagua mlango mara tatu." Muulizeni kwa upole ilianza lini, alikuwa wapi, na nani aliyekuwa naye, kwa sababu swali la kama kazi ndiyo iliyomwuguza litaulizwa.

Askari amezoea kujibu "niko sawa, afande". Mbele ya bodi jibu hilo litamponza. Mwambieni mapema asijikaze.

Uamuzi ukitoka, asitie sahihi asichokisoma. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa haki ya kupewa sababu kwa maandishi, aombe nakala. Akitaka kupinga amwone wakili upesi, amwambie ni mahakama ipi inayohusika, maana si lazima afike Nairobi. Kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu ni safari nyingine, yenye uchunguzi wake.

Na kabla hajarudisha kitambulisho cha kazi, ulizeni dawa za mwezi ujao atazichukua wapi. Kakangu alitoka na za siku 14.