Somo: Kwenda Oman kufanya kazi ya kufunga viyoyozi

Kila wiki napokea swali lilelile kutoka kwa mafundi wa Dar es Salaam, Tanga, Unguja na Mombasa: mtu ameahidiwa kazi ya kufunga AC Maskati na anataka kujua aanzie wapi. Nimelijibu mara nyingi kwa vipande, na kila mara kuna jambo muhimu lililosahaulika, kwa hiyo leo naliandika lote mahali pamoja. Nimefanya kazi hiyo Maskati na Seeb kwa miaka miwili. Tafadhali soma mpaka mwisho kabla ya kuuliza.

Hatua ya kwanza: uwe na cheti cha ufundi wa majokofu na viyoyozi, cha VETA kwa aliye Tanzania au cha NITA kwa aliye Kenya.

Hatua ya pili: pasipoti iwe na muda wa kutosha kuuzidi mkataba.

Hatua ya tatu: mhakikishe wakala. Tanzania Bara nenda TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira, Zanzibar nenda Kamisheni ya Kazi, Kenya nenda Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Uliza ofisini kwao kama wakala huyo ana leseni. Karatasi aliyoitundika ukutani kwake haitoshi.

Hatua ya nne: mkataba. Hapa ndipo nilipoanguka, na ninaomba usome polepole. Aliyenipokea Maskati alikuwa mtu wa makamo aliyekulia Unguja, mwenye Kiswahili kizuri kuliko changu, naye alinisomea mkataba wote kwa sauti, kifungu baada ya kifungu: fundi wa viyoyozi, mshahara huu, chakula, malazi, tiketi ya kurudi. Nilifarijika mno kuisikia lugha ya nyumbani ugenini, nikatia saini palepale. Mwezi wa tatu mshahara ulikuja pungufu, nikaenda kulalamika, na ofisa akaisoma karatasi ileile mbele yangu kama ilivyoandikwa. Kazi yangu ilikuwa imeandikwa “amil”, yaani kibarua, na mshahara ulikuwa karibu nusu ya ule niliosomewa. Ofisa hakuwa na kosa, kwa sababu mwajiri alikuwa akinilipa kilichoandikwa. Mimi nimesoma chuoni, yaani madrasa, tangu utotoni na herufi za Kiarabu nazijua zote, lakini siku ile sikuinama kuzisoma.

Kwa hiyo zingatia haya kabla ya kuondoka nyumbani. Nakala ya Kiarabu ndiyo utakayohukumiwa nayo, basi itafsiriwe na mtu uliyemtafuta mwenyewe, ambaye halipwi na wakala wala na mwajiri. Tafuta maneno “fanni takyif”, yaani fundi wa viyoyozi. “Fanni” ni ndugu wa neno letu “fani”, kama “amil” alivyo ndugu wa “amali”. Jina hilo la kazi liwe sawa kwenye mkataba, kwenye viza na baadaye kwenye kitambulisho cha mkaazi, kwa maana ukikutwa juu ya paa unafunga mashine huku kibali chako kinasema jambo jingine, mwenye kueleza ni wewe. Mshahara wa msingi uandikwe peke yake na posho peke yake. Usisaini karatasi ya kukubali mwajiri akae na pasipoti yako: sheria ya kazi ya Oman ya mwaka 2023 inamkataza kuizuia isipokuwa umeridhia kwa maandishi, na ridhaa hiyo huchanganywa na karatasi nyingine za siku ya kwanza. Piga picha kila ukurasa uliosaini na umtumie mtu wa nyumbani.

Hatua ya tano: vipimo vya afya, vya damu na picha ya kifua, kwenye kituo kinachotambuliwa na nchi za Ghuba.

Hatua ya sita: jiandae kwa jaribio la ufundi. Utapewa mashine ya spliti, yaani yenye kipande cha ndani na cha nje, uifunge huku msimamizi akikutazama. Ile tabia ya kutoa hewa kwenye mabomba kwa kufungulia gesi kidogo iache nyumbani. Jaza naitrojeni kwanza, tafuta uvujaji kwa povu la sabuni, kisha vuta hewa kwa pampu mpaka geji ikuridhishe, na uisubiri uone kama inapanda. Umeme wao ni volti 240 na hezi 50, hautakushangaza.

Hatua ya saba: joto. Kuanzia Juni hadi mwisho wa Agosti, kazi za juani husimamishwa kwa sheria kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu alasiri. Ukilazimishwa kupanda paa saa hizo, kataa.

MASWALI YA WANACHAMA

Fundi wa Temeke: Kaka, huko mshahara ni kiasi gani? Nitumie na namba ya wakala.

Jibu: Mshahara wako ni ule ulioandikwa kwenye mkataba wako. Kima cha chini cha riali 325 unachokisikia ni cha raia wa Oman. Namba ya wakala sitoi. Rudi hatua ya tatu.

Kijana wa Mwanza: Mimi nimekatiwa viza ya matembezi, wakala anasema itabadilishwa hukohuko. Nasafiri Jumamosi.

Jibu: Usisafiri.

Kijana wa Mwanza: Wewe ulikwenda ukapata chako, mbona wenzako unatukatisha tamaa?

Jibu: Ndugu yangu, nimeandika hatua saba ili mwende, si ili mbaki. Mwajiri anayekuhitaji kweli atakuombea kibali cha kazi kwa jina la kazi yako kabla hujapanda ndege. Ukifika kwa viza ya matembezi huna mkataba wa kudai, na siku pesa zikikwama hutakuwa na pa kwenda kushitaki.

Mwanafunzi wa Tanga: Shikamoo mwalimu. Nasoma mwaka wa pili. Je, mashine zinazofungwa kule ni sawa na za kwetu, ikiwa joto la nje linapita nyuzi 40? Na kwa nini tunafundishwa kuipindua chupa ya R-410A, gesi ya kupozea, tunapojaza?

Jibu: Marahaba, umeuliza vizuri. Mashine nyingi za kwetu hupimwa uwezo wake joto la nje likiwa nyuzi 35, daraja linaloitwa T1. Kule tafuta daraja la T3, linalopimwa kwa nyuzi 46. Ukifunga ya T1 juu ya paa la Maskati mwezi wa Juni, kondensa, yaani sehemu ya nje, itashindwa kulitoa joto, presha itapanda na kompresa itajizima mchana, wakati mwenye nyumba anaihitaji zaidi. Kwa hiyo usome kibandiko cha mashine kabla ya kutoboa ukuta, na uiache nafasi nyuma na mbele ipumue. Kuhusu R-410A, hiyo ni mchanganyiko wa gesi mbili, R-32 na R-125, nusu kwa nusu kwa uzito. Ukiitoa ikiwa mvuke, moja hutangulia kutoka kuliko nyingine na mchanganyiko unaharibika, ndiyo maana tunaipindua chupa ili itoke ikiwa kimiminika, kidogo kidogo ili tusiiumize kompresa. Presha yake ni takribani mara 1.6 ya R-22, gesi ya mashine za zamani, kwa hiyo geji na mipira ya R-22 usiitumie. R-32 ikiwa peke yake inaweza kushika moto. Usichomelee bomba ambalo hujalimaliza gesi.

Mwanachama aliye Salalah, kusini mwa Oman: Naongezea. Huku wakati wa khareef, Juni hadi Septemba, ni manyunyu na ukungu, na malalamiko mengi ni ya maji kudondoka ndani. Bomba la maji lisipokuwa na mteremko, utarudishwa kazini bila malipo.

Jibu: Ahsante sana. Pwani ya Seeb nayo ina chumvi. Kondensa ioshwe kwa maji safi mara kwa mara, la sivyo mapezi yake, vile vibati vyembamba, yanaliwa na kutu. Mafundi wa Tanga na Unguja wanalijua hilo.

Mwanafunzi wa Tanga: Mwalimu, naomba uniandikie “fanni takyif” kwa herufi za Kiarabu ili niitambue nikiiona.

Jibu: فني تكييف. Ukiona عامل, yaani “amil”, mahali pake, usisaini.