Somo: Namba za herufi kama ufunguo wa msingi kwenye Django

Jamaa, swali hili linarudi kila mara: kwenye Django (zana ya Python ya kujenga tovuti), ufunguo wa msingi, yaani safu inayotambulisha kila rekodi, unawekwaje uwe wa herufi badala ya 1, 2, 3? Basi naliandika hapa lote. Mfano wetu ni programu ya yadi ya makontena karibu na bandari ya Kilindini, Mombasa. Kila mzigo tunataka uwe na namba kama MZG-7K3PQ9TX, si 1, 2, 3.

Hatua 1. Namba ya kontena isiwe ufunguo. Herufi nne na tarakimu saba zinavutia, lakini kontena lile lile hurudi bandarini na mzigo wa mtu mwingine. Iwekeni kwenye safu ya kawaida.

Hatua 2. Andika fanksheni namba_mpya inayochagua herufi au tarakimu nane kwa secrets.choice (ya Python, huchagua kwa bahati nasibu), na kutanguliza MZG-. Acha 0, O, 1, I na L, makarani huzichanganya. Zinabaki 31, na michanganyiko inapita bilioni 850.

Hatua 3. Kwenye modeli (darasa linaloeleza jedwali la mizigo):

id = models.CharField(primary_key=True, max_length=12, default=namba_mpya, editable=False)

Hapa tulieni. Ni namba_mpya BILA mabano. Ukiweka mabano, Python huiita mara moja tu faili inaposomwa, na kila mzigo hupewa namba ile ile mpaka seva iwashwe upya. Dalili yake: makemigrations (amri inayoandika mabadiliko ya jedwali) hukuta badiliko jipya kila ukiiendesha. Tangu Django 3.0, rekodi mpya yenye default kwenye ufunguo huenda moja kwa moja kwa INSERT (kuongeza rekodi), kwa hiyo utapata IntegrityError, kosa la namba kujirudia, na hiyo ni heri. Matoleo ya nyuma yalijaribu UPDATE (kubadilisha rekodi iliyopo) kwanza: mzigo wa pili uliandikwa juu ya wa kwanza, kimyakimya.

Hatari hiyo bado ipo ukijaza namba kwa mkono bila default. Tumia objects.create() au save(force_insert=True). Wala usibadilishe id ya rekodi iliyopo ukaita save(): ya zamani inabaki, na nyingine inazaliwa kando yake.

Hatua 4. Kwenye URL, <int:pk> iwe <str:pk>.

Hatua 5. Endesha makemigrations, kisha migrate inayoyatekeleza mabadiliko. Jedwali likiwa tayari na data, iache id yake kama ilivyo, ongeza safu ya namba yenye unique=True.

MASWALI

Mwanachama, Likoni: Haifanyi kazi, nisaidie haraka.
Jibu: Kosa linasemaje? Hatua ya 3 umeisoma?
Likoni: Niliweka mabano.
Jibu: Yatoe.

Mwanachama, Tudor: Karani akiandika mzg kwa herufi ndogo?
Jibu: Swali zuri sana. Hifadhidata ya PostgreSQL itasema haipo. MySQL 8.0 kwa mpangilio wake wa kawaida haitofautishi herufi kubwa na ndogo, itaipata. Usitegemee hilo, igeuze iwe herufi kubwa kwa .upper() kabla ya kutafuta, ukihama hifadhidata hutasumbuka.

Mwanachama, Nyali: Na sisi wa Laravel, zana ya PHP?
Jibu: Kwenye modeli weka $incrementing = false na $keyType = 'string'. Ukisahau, Eloquent (sehemu ya Laravel inayoshughulikia hifadhidata) huigeuza namba kuwa tarakimu, na MZG yako inakuwa 0.

Tudor: Ile tarakimu ya mwisho ya namba ya kontena, ya kukagua makosa, hupatikanaje?
Jibu: A ni 10, B ni 12, endelea hivyo ukiruka 11, 22 na 33. Zidisha alama kumi za kwanza kwa 1, 2, 4 mpaka 512, jumlisha, gawa kwa 11. Baki ndiyo tarakimu. Likiwa 10, andika 0. Ikague kwenye fomu kabla ya kuhifadhi.