Mpira wa matundu: lenga matundu, punguza nguvu
Ukicheza Wiffle, mchezo kama besiboli wa kurusha na kupiga kwa gongo mpira wa plastiki wenye matundu, na watoto uani huko Marekani, usihangaike kurusha kwa nguvu. Mpira ule mweupe ni mwepesi mno, nguvu zako zinaishia hewani. Kazi yote iko kwenye matundu 8 yaliyojipanga upande mmoja. Yaelekeze kushoto, na kwa kawaida mpira utakata kona kushoto. Yakitazama juu, unakwenda karibu kunyooka. Ushike kwa vidole viwili na gumba, kiganja kisiuguse, uuachie taratibu. David Mullany wa Connecticut aliubuni mwaka 1953 ili mwanawe aweze kupindisha mpira bila kuumiza mkono. Watoto wadogo warushie matundu yakiwa juu kwanza, waonje raha ya kuupiga.